Kilabu cha mbege Mwika: Mteja analipia nini, na nani anamlinda?

JUA linapoteremka upande wa Marangu, mabenchi ya vilabu vya mbege huko Mwika, katika Wilaya ya Moshi, huwa yamekwisha kujaa. Wapo waliotoka sokoni, wapo waliomaliza kukata majani ya ng'ombe, na wapo walioshuka kwenye magari yanayopanda kutoka Himo kuelekea Rombo. Pembeni kuna sufuria la supu na jiko la nyama. Wawili wameinamia ubao wa drafti, na wengine sita wamesimama nyuma yao wakiwafundisha kucheza bila kuombwa.

Kwa mpita njia, hicho ni kilabu cha pombe ya kienyeji tu. Kwa hesabu za biashara, ni kiwanda, mgahawa na ukumbi wa burudani kwa pamoja. Kinywaji hupikwa na mwenye kilabu au jirani yake, chakula huiva hapo hapo, na michezo huwafanya wateja wakae. Nchini Marekani biashara ya namna hiyo ilitoweka baada ya marufuku ya pombe ya mwaka 1920 hadi 1933. Ilifufuka mwaka 1982 katika mji wa Yakima, ilipofunguliwa baa ya kwanza iliyopika bia yake yenyewe, na tangu hapo imeenea katika nchi nyingi ikisifiwa kuwa ni ubunifu. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro ni jambo ambalo mababu walilizoea.

Pamoja na ukongwe huo, mteja wa kilabu hazungumzwi sana. Viongozi wakitaja vilabu, mara nyingi hutaja saa za kufungua, ushuru, au ulevi wa vijana. Ni nadra kusikia mtu akiuliza mnywaji anapata nini kwa fedha yake, anafahamu vipi nguvu ya kile anachokunywa, na ni nani atamsemea pale kipimo kinapopungua au tumbo linapomvuruga.

Swali hilo lina uzito zaidi katika miaka hii kwa sababu mteja huyo huyo anagombewa na wengi. Bia ya chupa imepanda mlima hadi vijiji vya juu, luninga imeingia baa, meza za puli zimesogea karibu, na mashine za kubahatisha zimeenea katika vituo vya biashara nchini. Kila mmoja kati ya hao anamwahidi jambo fulani. Inafaa kupima ahadi hizo moja moja.

Kazi ya zaidi ya wiki

Ili kumwelewa mteja wa mbege, ni lazima kwanza kuielewa mbege yenyewe. Ndizi hukatwa na kuhifadhiwa hadi ziive. Zikishaiva huchemshwa kwa saa nyingi mpaka rangi yake igeuke kuwa ya hudhurungi, kisha huachwa kwenye mapipa kwa siku kadhaa zichachuke, ndipo huchujwa. Wakati huo huo ulezi hulowekwa, huoteshwa, hukaushwa na kusagwa. Unga wa kimea hicho hupikwa ukawa uji uitwao mso. Maji ya ndizi yakichanganywa na mso na kuachwa walau usiku mmoja, kinywaji huwa tayari. Wapishi wengine hutia gome la mti wa msesewe ili kuleta uchungu, kazi ambayo katika bia ya kiwandani hufanywa na maua ya hopsi.

Ukihesabu tangu ndizi kukatwa hadi kata ya kwanza kujazwa, huwa imepita zaidi ya wiki moja. Hata hivyo, kinywaji kilichochukua muda wote huo hakidumu. Mbege huendelea kuchachuka hata baada ya kuanza kuuzwa, na baada ya siku mbili au tatu huwa kali hata ikamshinda mnywaji. Haiwekwi stoo kungoja mwisho wa mwezi.

Hali hiyo ya kuharibika upesi imeunda tabia nzima ya kilabu. Muuzaji hupika kadiri anavyotarajia wateja, kwa kuwa pipa linalobaki ni hasara yake. Wateja nao hujua ni nyumba ipi imefungua pipa siku ipi, na humfuata mpishi badala ya kufuata jengo. Pipa likikauka, kinywaji kimekwisha, na wengi huinuka wakaenda nyumbani. Kikomo hicho hakikuandikwa na halmashauri wala kusimamiwa na polisi. Kimo ndani ya pombe yenyewe.

Upo pia upande wake wa hatari. Kwa kuwa kila pipa ni tofauti, nguvu ya mbege ya leo si lazima iwe ile ya jana. Mnywaji hukisia kwa ulimi. Aliyezoea kata tatu akatembea wima huweza kujikuta na kata tatu nyingine ambazo miguu haizitambui. Kwa mtu anayerudi nyumbani kwa njia ya mteremko, au anayepanda bodaboda gizani, kukosea hesabu hiyo si jambo la mzaha.

Zaidi ya kinywaji

Wachagga hawakuichukulia mbege kuwa bidhaa ya kununuliwa tu. Imetumika katika posa, mahari, harusi, matambiko na usuluhishi. Anayeomba radhi hufika na jani la isale mkononi, na mara nyingi mapatano hufungwa kwa kunywa pamoja. Kata moja ikipita kwa watu wawili waliokuwa hawasalimiani, wote waliopo huwa mashahidi.

Mwika ina nafasi ya pekee katika maandishi ya jambo hili. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Sally Falk Moore, aliyeanza utafiti Kilimanjaro mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu kuhusu sheria za mila za Wachagga mwaka 1986, alichota mifano yake mingi kutoka huko. Katika maandishi yake, nyama na pombe ni sehemu ya mashauri ya ukoo. Zinapogawanywa, ndipo inapoonekana nani ni mkubwa, nani ana deni, nani amekasirika, na mgogoro wa kihamba umefikia wapi.

Kilabu cha leo kimerithi kiasi cha mambo hayo. Mteja hukutana na mzazi mwenzake wa shule, fundi anayemdai, mwenyekiti wa kitongoji, na kijana anayetafuta kibarua. Bei ya ndizi sokoni hujulikana hapo kabla haijatangazwa popote. Aliyeishiwa fedha huandikwa kwenye daftari hadi siku ya soko. Wanawake nao huingia kama wateja, mara nyingi wakiwa na benchi lao, na wazee wa kike hawaoni haya kuagiza kata yao mbele ya watu.

Uhusiano huo hugusa pia ubora wa huduma. Muuzaji anayemfahamu mteja kwa jina la ukoo hawezi kumwibia kipimo kila siku, kwa sababu kesho watakutana kanisani. Anaweza kumkatalia mlevi kata nyingine kwa kuwa anamfahamu mkewe na ada ya shule anayodaiwa. Hutokea pia kinyume chake: muuzaji huyo huyo humwachia mteja aendelee kukopa, kwa kuwa anajua mshahara au mauzo ya ndizi yataingia lini. Daftari la mkopo limewatunza wengi katika siku ngumu, na limewafilisi wengine polepole.

Vizibo, puli na sarafu

Michezo ya kilabuni ina historia yake. Bao, karata na drafti havihitaji umeme wala mtaji mkubwa. Ubao wa drafti huchorwa kwenye kipande cha mbao au boksi, na kete huwa ni vizibo vya soda na bia: mmoja huvilaza, mwenzake huvifunika. Dau likiwepo, kwa kawaida ni kata ya mbege. Aliyeshindwa hununua, aliyeshinda hunywa, na watazamaji hupata la kusimulia. Fedha aliyopoteza mmoja huishia mfukoni mwa muuzaji kwa kinywaji ambacho wote wamekiona kikinywewa.

Luninga ilipoingia, ilileta mteja wa aina nyingine. Kijana aliyekuwa akikaa pembeni akisikiliza wazee hufuata mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza, na mahali pasipo baa yenye luninga huenda kibanda umiza. Anakaa dakika tisini, anashangilia, anaondoka. Mazungumzo ya bei ya ndizi na mipaka ya vihamba hayana nafasi wakati kipa anaruka. Ni burudani halali, na hakuna sababu ya kumlaumu kijana kwa kuipenda. Ila yafaa kukiri kwamba kilabu kilichokuwa kikichanganya rika zote hugawanyika katika vyumba viwili.

Meza ya puli nayo hulipiwa kwa kila mchezo. Ina ushindani wa kweli, ustadi huonekana, na mchezaji hodari hupata sifa. Lawama iliyoelekezwa kwake na viongozi mbalimbali nchini imehusu saa zaidi ya mchezo wenyewe, yaani vijana kuonekana mezani asubuhi wakati wa kazi.

Mashine za sarafu, ambazo mitaani zimepewa jina la dubwi, ni jambo tofauti kabisa. Katika drafti mpinzani ni jirani, na anayecheza vizuri zaidi hushinda. Katika mashine mpinzani ni mpangilio uliowekwa na mwenye mashine, na kwa jinsi ilivyotengenezwa, kadiri mchezo unavyorefuka ndivyo fedha inavyobaki ndani yake. Hakuna ustadi wa kujifunza wala kata ya kunywewa na wote. Sarafu hukusanywa na mtu ambaye pengine hajawahi kukaa kwenye benchi la kilabu hicho.

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda mfumo wa leseni chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na inawakataza walio chini ya umri wa miaka 18 kucheza. Kwenye karatasi ulinzi upo. Ugumu uko katika kuufikisha mahali ambapo mtoto hutumwa chumvi dukani na kukuta mashine mlangoni. Mkaguzi wa mjini hawezi kuwa kila kijiji. Serikali ya kijiji iko hapo kila siku, na ndiyo inayoweza kujua ni nani anayecheza.

Uhakika wa chupa

Bia ya chupa ina mvuto wake, na si haki kudai kuwa mteja huidanganyika akiichagua. Chupa ina kizibo ambacho mteja hushuhudia kikifunguliwa. Ujazo umeandikwa, kiwango cha kilevi kimeandikwa, tarehe ya mwisho ya matumizi imeandikwa. Anayekunywa chupa mbili Mwika anapata kile ambacho angepata Dar es Salaam. Ikiwa mbovu, lipo jina la kampuni la kulalamikiwa, ipo Tume ya Ushindani, na lipo Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 limechukua pia kazi ya kusimamia usalama wa chakula iliyokuwa chini ya TFDA.

Kinachokosekana katika chupa ni sauti ya mlima katika maamuzi yake. Wakazi wa Moshi wana mfano wa karibu. Katika miaka ya 1990 kampuni ya bia ya Kenya ilianzisha kiwanda cha Kibo Breweries mjini Moshi, kushindana na Kampuni ya Bia Tanzania (TBL). Wakati huo huo, wawekezaji wa Afrika Kusini waliokuwa na hisa TBL walikuwa na kiwanda chao Thika, nchini Kenya. Vita hiyo ya bia ilimfurahisha mnywaji, aliyebembelezwa na pande zote mbili. Mwaka 2002 kampuni hizo zilipatana na kubadilishana hisa za asilimia 20 katika TBL na Kenya Breweries. Kiwanda cha Thika kikafungwa, na Kibo Breweries ya Moshi nayo ikafungwa.

Mnywaji wa Mwika hakuulizwa. Baadaye, mwaka 2010, East African Breweries ilinunua asilimia 51 ya hisa za Serengeti Breweries, kampuni ambayo imekuwa na kiwanda Moshi, na ushindani ukaanza upya. Kwa mteja, funzo la miaka hiyo ni kwamba chupa humpa uhakika wa ubora na kumnyima uhakika wa mahali. Ajira, bei na hata jina la bia anayoipenda huamuliwa katika vikao vya mbali.

Ipo tofauti nyingine ambayo huonekana usiku. Chupa haiishi. Kreti likimalizika jingine hufunguliwa, na friji halina siku ya kukauka. Kikomo kile ambacho pipa la mbege lilikuwa nacho kwa asili yake, baa ya chupa inapaswa kukipata kwa sheria, na sheria huhitaji msimamizi aliye macho.

Kipimo, maji na choo

Kilabu cha mbege nacho kina madeni kwa mteja wake, na sifa za mila hazipaswi kuyafunika.

Deni la kwanza ni kipimo. Kata ya kibuyu haina ukubwa mmoja, na kopo la plastiki lililochukua nafasi yake mahali pengi hutofautiana kati ya nyumba na nyumba. Mteja hulipia jina la kipimo bila kujua ujazo wake. Wakala wa Vipimo hukagua pampu za mafuta na mizani za masokoni. Kopo la mbege halijapewa uzito huo, ingawa hugusa mifuko ya watu wengi kila jioni.

Deni la pili ni maji. Ndizi huchemshwa kwa saa nyingi, na mso nao hupikwa, hivyo sehemu kubwa ya kazi hupita kwenye moto. Hatari hubaki katika maji mabichi yanayoweza kuongezwa mwishoni, katika mapipa yaliyowahi kubeba vitu vingine, katika ulezi ulioota ukungu, na katika vyombo vinavyosuuzwa kwenye ndoo moja tangu mchana hadi usiku. Mfereji unaopita mashambani ulimfaa babu aliyeishi na watu wachache juu yake. Leo juu ya kila mfereji kuna nyumba nyingi.

Deni la tatu ni kata ya pamoja. Kupokezana chombo kimoja ni lugha ya undugu, na janga la Uviko-19 la mwaka 2020 lilionyesha jinsi ilivyo vigumu kwa watu kuiacha lugha hiyo ghafla. Kipindupindu nacho hakitofautishi kati ya ndugu na mgeni. Kila mteja kuwa na chombo chake hakuvunji mapatano, kwa kuwa pipa linabaki kuwa moja.

La nne ni choo. Mahali panapouza kinywaji kwa makumi ya watu kila siku panahitaji choo safi, chenye sehemu ya wanawake na maji ya kunawa. Hiki ni kipimo rahisi kuliko vyote cha heshima ya mteja. Mwanamke anayelazimika kukimbilia kihambani kwa jirani hapewi huduma sawa na mwanamume, hata kama bei ni moja.

La tano ni usalama wa mnywaji baada ya kuondoka. Hospitali ya Rufaa ya KCMC mjini Moshi imeliona tatizo hili kwenye chumba chake cha majeruhi. Watafiti wake, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, walibuni mpango wa ushauri mfupi kwa majeruhi uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Kuwepo kwa mpango huo ni ushahidi kuwa madhara ya pombe mkoani yamefikia hatua ya kuhitaji tiba na si mahubiri peke yake. Hayaletwi na mbege pekee. Gongo, iliyopigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1966, bado hupikwa kwa siri sehemu mbalimbali nchini, na pombe za viroba ziliuzwa kwa bei ya chini hadi serikali ilipozipiga marufuku Machi 1, 2017. Kilabu kinachochanganya mbege halali na gongo ya kificho humweka mteja katika hatari ambayo kipimo chochote cha usafi hakiwezi kuiondoa.

Mgeni hupewa maelezo, mwenyeji hukisia

Kilomita chache kutoka Mwika, Marangu hupokea watalii wanaopanda Mlima Kilimanjaro kwa njia inayobeba jina lake. Wasiopanda, au walioteremka, hupelekwa kwenye matembezi ya utamaduni: maporomoko ya maji, shamba la kahawa, nyumba ya asili ya Kichagga, kisha mbege. Mtalii huelezwa jinsi ndizi zinavyochemshwa na ulezi unavyooteshwa. Huonyeshwa kinywaji kabla ya kukionja, na huambiwa kwamba kinalevya.

Yote hayo ni mambo ya kawaida ambayo mnywaji yeyote anastahili. Jambo la kutafakari ni kwamba usafi na maelezo huonekana vinawezekana pale mteja anapolipa kwa dola. Mkulima anayenunua kata kila jioni kwa mwaka mzima huingiza fedha nyingi zaidi katika uchumi wa kijiji kuliko mtalii wa kuonja mara moja, na bado yeye ndiye anayekisia.

Desemba huonyesha tofauti hiyo kwa namna nyingine. Wachagga wanaoishi Dar es Salaam, Arusha na nje ya nchi hurudi nyumbani kwa Krismasi, magari hujaa barabara ya Himo, na mahitaji ya mbege hupanda kwa wiki mbili. Anayerudi hutaka mbege ile aliyoikumbuka mwaka mzima. Mpishi naye ana mapipa machache na siku chache, na kinywaji kinachohitaji zaidi ya wiki hakikubali kuharakishwa. Pale haraka inapoingia, anayeumia ni mteja, na jina linaloharibika ni la mpishi.

Fedha inakokwenda

Mjadala wa mteja hauwezi kutenganishwa na ule wa mapato. Kwa miongo mingi fedha ya Kilimanjaro ilitoka kwenye kahawa, na chama cha KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, kilikuwa fahari ya mkoa. Mkataba wa kimataifa uliokuwa ukiweka viwango vya kuuza kahawa ulivunjika mwaka 1989, bei ikaanguka, na wakulima wengi wakaipa migomba nafasi iliyokuwa ya mibuni.

Kahawa, kwa desturi, ilikuwa zao la baba. Ndizi na mbege vimekuwa mikononi mwa mama. Kata inayouzwa Mwika humlipa mpishi, aliyeleta mkungu, aliyeuza ulezi, aliyechanja kuni na aliyeosha vyombo, na wengi wao ni wanawake wa kijiji hicho au cha jirani. Ada za shule na sare hutoka humo. Mteja anapohama kwenda kwenye chupa au mashine, mnyororo huo wote hupungukiwa.

Kwamba ndizi inaweza kubeba biashara kubwa kumethibitishwa Arusha, ambako kampuni ya Banana Investments, iliyoanza mwaka 1993, hutengeneza vinywaji vya ndizi vilivyofungwa kwenye chupa na kuuzwa sehemu nyingi nchini. Chibuku, pombe ya nafaka iliyotengenezwa na Darbrew ya Dar es Salaam, nayo ilionyesha kuwa kinywaji cha asili kinaweza kupimwa na kufungwa kiwandani. Si lazima mbege ifuate njia hiyo hiyo. Sehemu ya thamani yake ni kunywewa ikiwa hai, mahali ilipopikwa. Lakini kipimo, usafi na maelezo havihitaji kiwanda.

Kinachowezekana

Sheria ya Vileo Na. 28 ya mwaka 1968 inatambua pombe za kienyeji na kuweka utaratibu wa leseni. Halmashauri hukusanya ada kutoka kwa wenye vilabu. Kwa hiyo swali la haki ni dogo na la moja kwa moja: ada hiyo humrudishia mteja nini?

Halmashauri ya Wilaya ya Moshi inaweza kuanza na mambo manne yasiyo na gharama kubwa. Leseni ifungamanishwe na choo, maji ya kunawa na mahali pa kuoshea vyombo. Kopo la kuuzia liwe na alama ya ujazo uliokubaliwa. Siku pipa lilipochanganywa iandikwe ubaoni, ili mnywaji ajue anakunywa ya jana au ya juzi. Mashine za kubahatisha zisikae mahali ambapo watoto hutumwa, na serikali ya kijiji ipewe sauti kabla ya leseni kutolewa. Wapishi wenyewe, wakijiunga katika vikundi, wanaweza kusimamia sehemu kubwa ya hayo vizuri kuliko mgambo, kwa kuwa mpishi mchafu huharibu soko la wote.

Mfano wa kutunga kanuni pamoja na wateja upo katika jimbo la Bavaria nchini Ujerumani, ambako bustani za bia ni sehemu ya maisha ya watu. Mwaka 1995, baada ya majirani kushinda kesi iliyolazimisha bustani moja karibu na Munich kufungwa mapema, maelfu ya wateja waliandamana. Matokeo yake ni kanuni ya mwaka 1999: muziki unyamaze saa 4 usiku, vinywaji viache kuuzwa saa 4:30, na wateja wawe wameondoka saa 5. Kanuni hiyo inatambua pia desturi ya mteja kuja na chakula chake kutoka nyumbani. Jirani alipata usingizi, na mteja akabaki na benchi lake.

Mwika haina haja ya kuiga bia ya Wajerumani. Inachoweza kuazima ni wazo kwamba mahali pa kunywa pana wenye haki watatu: anayeuza, anayekunywa na anayelala jirani. Hadi sasa kanuni za vilabu nchini zimeandikwa zaidi kwa ajili ya anayekusanya ada.

Chupa, luninga na mashine vitaendelea kuwepo, na kijana wa Mwika atachagua kwa hiari yake. Kilabu kikitaka kumrudisha, hakitafanikiwa kwa kumkumbusha mila peke yake. Mteja huyo amekwisha kuona chupa yenye kizibo, lebo na tarehe. Akiketi kwenye benchi la mbege atauliza maswali yale yale: kiasi gani, ya lini, imepikwa kwa maji gani. Mpishi anayeweza kumjibu bila kusita hatakosa wateja.